Chuo na kampuni wanapoomba ruzuku moja ya protini mbadala: nani alete nini?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mtafiti wa chuo kikuu. Kwa miaka minne nimekuwa nikikuza kuvu kwenye tangi la lita tano ili nipate protini ya chakula cha watu. Sasa kampuni ndogo ya vyakula imenifuata, inataka tuombe ruzuku kwa pamoja, maana miito mingi ya wafadhili ya kuomba ruzuku siku hizi inadai chuo kishirikiane na kiwanda. Wao wanataka kila kitu kiwe siri, nami nina wanafunzi wawili wa uzamivu ambao lazima wachapishe. Mwito tunaoulenga unafungwa baada ya wiki tisa. Tuombe kwa nani, tugawane vipi kazi na fedha, na hili la siri tulimalize vipi?

JIBU: Marahaba. Umeanza na mfadhili, lakini naomba nimsogeze nyuma kidogo, kwa sababu jibu lake linategemea jambo ambalo barua yako haikuligusa. Ni kitu gani hasa ambacho wewe huwezi kukifanya bila kampuni hiyo, na wao hawawezi kukifanya bila wewe?

Nimekaa mara nyingi kwenye meza ya wapitiaji wa maandiko ya miradi. Maandiko mengi ya ubia yanayoanguka huwa na sayansi nzuri tu. Kinachoyaangusha ni kwamba ukiyafungua unakuta miradi miwili iliyobanwa kwa pini moja: chuo kinaendelea na kile kilichokuwa kikifanya, kampuni inaendelea na yake, na katikati kuna sentensi inayosema "washirika watapeana taarifa kila robo mwaka". Mpitiaji mzoefu huliona hilo kabla hajamaliza kurasa tatu. Fedha ya ubia hutolewa kwa ajili ya kikwazo ambacho hakuna kati yenu anayeweza kukivuka peke yake. Kama hamjakipata, hata mfadhili mkarimu kiasi gani hatawasaidia.

Mfano ninaowapa watafiti kila mara ni wa zamani, tena unahusu kuvu kama yako. Katika miaka ya 1960 kampuni ya unga na mikate ya Uingereza, Rank Hovis McDougall, ilikuwa ikitafuta njia ya kugeuza wanga kuwa protini. Ilipima zaidi ya sampuli 3,000 za udongo, na kuvu iliyochaguliwa mwishowe, Fusarium venenatum, ilitoka kwenye udongo wa Marlow, si mbali na maabara yao. Walikuwa na kuvu, wakakusanya ushahidi wa usalama kwa miaka mingi, lakini hawakuwa na tangi la kuizalisha kwa wingi. Aliyekuwa na tangi ni kampuni ya kemikali ya ICI. Hao walikuwa wamezama kwenye mradi wa Pruteen, protini ya bakteria kwa ajili ya chakula cha mifugo. Pruteen ilishindwa kupambana na bei ya soya, na ujuzi wao wa matangi yanayozungushwa kwa hewa ukabaki bila kazi. Katika tangi la namna hiyo hewa huingizwa chini, hupanda, na kwa kupanda kwake hulizungusha rojo zima bila panga la kukorogea, hivyo nyuzi za kuvu hazikatwikatwi. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni hizo mbili ziliunda Marlow Foods, na mwaka 1985 Quorn, chakula kilichotengenezwa kwa kuvu hiyo, ikaingia sokoni. Matangi yaliyojengwa baadaye kwa ajili yake yana ujazo wa lita 150,000 hivi na urefu unaokaribia mita 50.

Mmoja alikuwa na kiumbe, mwingine chombo. Ukiondoa upande wowote hakuna bidhaa. Andiko lenu linatakiwa lionyeshe uhusiano wa namna hiyo katika ukurasa wa kwanza, kwa namba.

Nikuonyeshe mahali ambapo naamini kikwazo chenu kimejificha. Kuvu inayokua haraka huwa na RNA nyingi, yaani molekuli ambazo seli huzitumia kutengeneza protini. Mwili wa binadamu huivunja na kuigeuza asidi ya yuriki, na ikizidi huleta jongo na mawe ya figo. Ndiyo maana maikoprotini (protini ya kuvu) ya Quorn hupashwa joto baada ya kuvunwa, hadi nyuzi 65 za Selsiasi na zaidi, kwa muda unaokaribia nusu saa, ili RNA ishuke chini ya asilimia 2 ya uzito mkavu. Katika joto hilo vimeng'enya vya kuvu yenyewe huikata RNA vipande vipande, navyo hutoka na maji. Lakini havitoki peke yake. Protini na vitu vingine vya seli hutoka navyo, na hasara inaweza kufika theluthi ya uzito mkavu.

Sasa fikiria mazungumzo yenu. Wewe unaandika kwamba tangi lako linatoa gramu 15 za kuvu kavu kwa lita. Kampuni inachukua namba hiyo, inaizidisha kwa ukubwa wa tangi inaloota kulinunua, na inapata faida nzuri kwenye makaratasi. Ila gramu 15 ni kabla ya kupasha joto. Kinachoweza kuuzwa huenda ni 10. Hapo faida yote imekwenda na maji, na hakuna aliyemdanganya mwenzake. Kila mmoja alisema ukweli wa upande wake. Mimi nimeshuhudia ubia ukivunjika kwa namba ya aina hii, katika mwaka wa pili, wakati fedha ilikwisha tumika.

Huo ndio mradi wa ubia. Wewe unajua fiziolojia ya kuvu na vimeng'enya vyake; unaweza kuchunguza joto gani, kwa muda gani, na katika kiwango gani cha asidi RNA inaondoka huku protini ikibaki. Kampuni inajua kama kitakachobaki kitashikana, kitatafunika, na kitakaa muda wa kutosha kwenye jokofu. Hata yale maji yanayomwagwa yana protini yenye uwezo wa kutoa povu na kuunganisha mafuta na maji, na mtengeneza vyakula ndiye anayeweza kukwambia kama kuna mnunuzi. Swali moja, mikono miwili. Kama kuvu yako haina tatizo hilo, chukua lingine lenye umbo lilelile. Kwa mfano joto: tangi dogo hupoa lenyewe kupitia kuta zake, lakini ujazo ukipanda, eneo la kuta halipandi kwa kasi hiyo, na kuondoa joto la kuvu inayokua huwa gharama ambayo lita tano haziwezi kukuonyesha. Oksijeni nayo ina hadithi yake.

Tukishajua kikwazo, ndipo tumtafute mfadhili.

Mifuko hii haifanani. Kuna fedha ya umma ya sayansi, fedha ya umma ya ubunifu wa viwanda, na fedha ya wahisani, na kila mmoja ananunua kitu chake. Wahisani kama Good Food Institute, ambao wamekuwa wakitoa ruzuku za utafiti wa protini mbadala tangu mwisho wa muongo uliopita, wanataka matokeo yawe wazi kwa kila mtu, kwa sababu lengo lao ni sekta nzima isonge. Mwaka 2024 Bezos Earth Fund ilitangaza vituo vya protini endelevu katika North Carolina State University, Imperial College London na National University of Singapore, na viwanda vinaingia humo kama washirika. Uingereza, mwaka huohuo, ilitoa pauni milioni 15 kupitia mashirika yake mawili ya ufadhili, BBSRC la utafiti wa biolojia na Innovate UK la ubunifu wa kampuni, kuanzisha kituo cha taifa cha ubunifu wa protini mbadala, NAPIC, kinachoongozwa na University of Leeds. Uholanzi ilitenga euro milioni 60 mwaka 2022 kwa nyama ya seli (inayokuzwa maabara bila kuchinja) na uchachushaji wa usahihi (vijidudu kutengenezeshwa protini maalumu). Denmark ina mfuko wake wa vyakula vya mimea. Kanada, kupitia Protein Industries Canada, inataka kampuni ziweke fedha zao sambamba na za serikali. Kwa Umoja wa Ulaya, mradi wa kawaida wa ushirikiano chini ya Horizon Europe, mpango wake wa kufadhili utafiti, unahitaji angalau taasisi tatu zinazojitegemea kutoka nchi tatu tofauti za wanachama au nchi shiriki, na angalau moja iwe ya nchi mwanachama. Ninyi ni wawili tu, kwa hiyo huko hamwendi bila kutafuta wenzenu, na wiki tisa hazitoshi kumfahamu mgeni.

Nimezitaja hizo ili uone mpangilio wake, wala usikimbilie zote. Utakalolipima kwanza ni ngazi ya ukomavu wa teknolojia, ile ngazi ya 1 (wazo tu) hadi 9 (teknolojia inayotumika kweli) iliyoanzia NASA na sasa inatumiwa na karibu kila mfadhili. Tangi la lita tano lenye matokeo yanayorudiwa ni ngazi ya 3 au 4. Watafiti wengi hujipa 6 kwa sababu mwito unataka 6. Usifanye hivyo. Mpitiaji anaangalia ukubwa wa tangi lako kabla hajasoma maelezo, na akishakuona umejipandisha, kila namba inayofuata anaisoma kwa shaka.

Ushauri wangu, kwa hali mliyonayo: gawanyeni kazi mara mbili. Kikwazo cha kupasha joto kipelekeni kwenye ruzuku ndogo ya umma ya upembuzi yakinifu, ya miezi 12 hadi 18, inayodai chuo na kampuni. Biolojia ya kuvu yenyewe, yaani kwa nini inakua inavyokua na vimeng'enya vyake hufanya nini, ipeleke wewe kwa mfadhili wa sayansi au mhisani anayetaka uwazi. Kwa mgawanyo huo, suala la siri linapungua nusu kabla hata wanasheria hawajaingia. Sharti moja tu: gharama ileile isilipwe na mifuko miwili. Mshahara wa mwanafunzi uliolipwa na mhisani usionekane kwenye madai ya serikali. Wakaguzi hulitafuta hilo kwanza, na adhabu yake humfuata mtafiti kwa miaka.

Fedha. Hapa ndipo kampuni ndogo huumia, na mtafiti wa chuo mara nyingi hajui kwa sababu chuo chake kina ofisi ya fedha inayomkinga.

Ruzuku za ubunifu kwa kawaida hazimlipi mfanyabiashara gharama zote. Katika Horizon Europe, miradi ya aina ya hatua za ubunifu hulipa asilimia 70 ya gharama kwa wenye kutafuta faida, na asilimia 100 kwa wasiotafuta faida. Innovate UK nayo huilipa kampuni ndogo hadi asilimia 70 kwa utafiti wa viwandani, na kampuni kubwa hadi 50. Kinachobaki kampuni inajilipia. Tena kwa utaratibu wa Uingereza malipo huja baada ya fedha kutumika, kila robo mwaka, madai yakishapitiwa.

Tufanye hesabu. Tuseme sehemu ya kampuni ni pauni 300,000 kwa mwaka mmoja, sawa na 25,000 kwa mwezi. Kwa miezi mitatu ya kwanza imetumia 75,000. Inaandaa madai, yanakaguliwa, na tuseme fedha inaingia mwisho wa mwezi wa tano. Kufikia siku hiyo imeshatoa mfukoni 125,000, na inapokea 52,500, yaani asilimia 70 ya robo ya kwanza. Kampuni ndogo isiyo na akiba inaweza kufa katikati ya mradi uliofadhiliwa, ruzuku ikiwa imeshaidhinishwa. Nimeona ikitokea, na mtafiti aliyebaki na nusu ya data hakuwa na wa kumlalamikia.

Kwa hiyo usione haya kuwauliza: mna fedha ya kuwavusha miezi mitano? Hilo si swali la kuwakosea heshima. Anayekuwa mbia wako kwa mwaka mzima ana haki ya kuulizwa na wajibu wa kujibu. Kama hawana, punguzeni sehemu yao au tafuteni mwito unaotoa malipo ya awali. Mchango wa kampuni unaotajwa kwa thamani ya vifaa na saa za wafanyakazi nao uangalieni vizuri. Mifuko mingine inaukubali, mingine inataka fedha taslimu, na yote inataka daftari la saa. "Mkurugenzi atatoa asilimia 20 ya muda wake" ni ahadi hewa kama hakuna anayejaza daftari hilo.

Mgawanyo wa kazi nao mara nyingi huwekwa na mfuko wenyewe. Kanuni za STTR, mpango wa Marekani wa ruzuku kwa kampuni ndogo zinazoshirikiana na taasisi za utafiti, kwa mfano, zimekuwa zikidai kampuni ndogo ifanye angalau asilimia 40 ya kazi na taasisi ya utafiti angalau 30. Someni kanuni ya mwito wenu kabla hamjaanza kugawana, kwa sababu ni rahisi kujaza majedwali mazuri ambayo yanawatoa nje siku ya kwanza.

Sasa siri. Naelewa hofu ya kampuni. Kwao aina ya kuvu na namna ya kuichakata ndiyo mali yote. Naelewa yako pia, maana mwanafunzi asiyechapisha ameibiwa miaka yake. Hizi hofu mbili zinaweza kukaa nyumba moja, ila makubaliano yaandikwe kabla ya ombi kupelekwa. Ruzuku ikishatangazwa kila mtu ana haraka, na mwenye haraka zaidi ndiye anayesaini vibaya.

Anzeni kwa kuorodhesha kila mmoja anaingia na nini: kuvu yako, data yako ya miaka minne, mapishi yao, mashine zao. Hiyo ni miliki ya awali na inabaki kwa mwenyewe. Mwenzake anapewa ruhusa ya kuitumia ndani ya mradi tu. Watu huipita hatua hii kwa kuwa inachosha, halafu miaka mitatu baadaye wanagombania kuvu ambayo mmoja alikuja nayo kwenye chupa. Hakikisha pia chuo chako kinajua kuvu ilitoka wapi na kwa ruhusa gani. Kama ulipewa na hazina ya vijidudu, soma masharti yake kuhusu matumizi ya biashara. Mara nyingi ni tofauti na ya utafiti. Sampuli zisitoke maabara bila mkataba wa kupeana sampuli, hata kama ni kijichupa kimoja cha kuonja.

Kwa matokeo mapya, kawaida inayofanya kazi ni hii: mwandishi anaipelekea kampuni rasimu ya makala siku 30 kabla ya kuituma kwenye jarida. Kampuni inaweza kuomba mambo mawili tu, kwamba siri yake ya awali iondolewe, au makala isubiri siku 60 zaidi ili ombi la hataza liwasilishwe. Muda ukipita, makala inakwenda. Neno la kukataa ni "idhini". Mkataba ukisema makala itachapishwa "kwa idhini ya kampuni", kampuni imepewa kufuli na ufunguo.

Nawe una wajibu wako. Chini ya sheria ya hataza ya Ulaya, kitu kilichokwisha kuwekwa hadharani kwa kawaida si kipya tena, hata kama aliyekiweka hadharani ni mvumbuzi mwenyewe. Marekani inampa mvumbuzi mwaka mmoja wa neema, yaani wa kuomba hataza baada ya kujitangaza; Ulaya haimpi. Na hadharani si jarida pekee: bango la mkutano, muhtasari mtandaoni, utetezi wa tasnifu ulio wazi kwa watu wote, vyote vinahesabiwa. Mwanafunzi wako anaweza kuizika hataza ya kampuni kwa slaidi moja, bila nia mbaya kabisa. Wafundishe mapema.

Ndiyo maana nisingemweka mwanafunzi wa uzamivu kwenye sehemu ya mapishi na umbile la chakula. Tasnifu isitegemee siri ya mtu mwingine. Hao wawili wafanye biolojia ya kuvu na kinetiki (kasi) ya kuondoa RNA. Mapishi yafanywe na waajiriwa wa kampuni, kwenye jiko la kampuni.

Kuhusu barua ya kampuni inayoambatanishwa na ombi, nitasema machache. Barua isemayo "tunaunga mkono kwa dhati mradi huu muhimu" haina uzito wowote. Niliwahi kuisoma moja iliyokuwa na jina la chuo kingine kabisa, walisahau kulibadilisha. Barua yenye nguvu inasema tutatoa mtu fulani kwa saa kadhaa, tutatumia mashine fulani kwa siku kadhaa, na hasara ya kupasha joto ikishuka chini ya kiasi fulani tutaingia hatua ya tangi la majaribio kwa fedha yetu. Mstari huo wa mwisho ukiwepo, mpitiaji anajua kwamba kuna mtu amepiga hesabu.

Wiki tisa zinatosha kwa ombi la watu wawili, mradi wiki tatu za kwanza msiandike andiko. Zitumieni kwa karatasi moja ya makubaliano ya awali: kikwazo, nani anafanya nini, nani anaweka fedha gani, miliki ya awali, na zile siku 30 na 60. Karatasi hiyo isainiwe na mwenye mamlaka kwenye kampuni pamoja na ofisi ya utafiti ya chuo chako, siyo na wewe. Mtafiti kwa kawaida hana mamlaka ya kukifunga chuo. Wiki ya tatu ikiisha bila saini, uache mwito huu upite. Najua inauma. Lakini andiko lililoandikwa bila makubaliano hayo likishinda, mtakuwa mmefungwa kwa mkataba wa mfadhili huku ninyi wawili hamna wa kwenu.

Kabla ya kikao cha kwanza, fanya jaribio moja. Vuna tangi moja, ligawe sehemu mbili. Moja ikaushe na kuipima kama ilivyo; nyingine ipashe joto nusu saa, ichuje, ikaushe, uipime, na upime RNA ya zote mbili. Rudia mara tatu. Nenda na namba hizo kwenye kikao, uwaoneshe gramu zilizopotea, kisha uwaulize wao wangezifanyia nini.